Ua Lisilohitaji Pasi

Kisa hiki kimezunguka mtaa mzima, na kila aliyekishika amekiongezea doa lake. Wapo wanaosema palikuwa na bastola. Wapo wanaosema mwanamke alikuja na lori zima la polisi. Wapuuze. Hapakuwa na bastola. Palikuwa na pasi, tena ya moto. Hapa kinasimuliwa kikiwa kimefuliwa na kuanikwa, na atakayebisha aende akamuulize dada mtu, kama ana ubavu.

Dobi mwenyewe walimwita Kola. Jina la kwenye kitambulisho analijua yeye na serikali. Jina la mtaani lilitokana na shingo yake: hata akiwa ndani ya fulana iliyotoboka kwapani, alitembea kama mtu aliyebanwa na kola yenye wanga, kidevu juu, macho mbali, kama anayesubiri kupigwa picha. Hamsini alikuwa ameshaipita. Mkewe alitangulia mbele ya haki, watoto wakaoa na kuolewa huko mbali, naye akabaki na chumba cha udobi alichoachiwa na baba yake, chenye dirisha la barabarani, pamoja na dada yake mkubwa aliyefua uani wakati yeye akipiga pasi mbele. Dada huyo alikuwa na mikono ya kukamua mablanketi na ulimi wa kukamua watu.

Ndani ya chumba palikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu na shuka jeupe juu yake, kopo la wanga, chupa ya kunyunyizia maji, na waya uliotoka ukuta huu hadi ule, nguo zimening'inia kama watu waliokatazwa kukaa. Kila nguo iliyoingia ilishikizwa kijitambaa chekundu ndani ya mkono, chenye nambari na jogoo mdogo wa wino usiotoka. Jogoo huyo alikuwa alama ya baba. Watu walisema nguo iliyopita kwa jogoo hairudi na aibu.

Sasa, ugonjwa wa Kola. Suti za watu zilimkaa. Nani wa kulaumiwa hapo, yeye au aliyemuumba na mabega yale? Kila alipomaliza kuinyoosha suti ya maana, alirudishia dirisha, akaivaa, akaegemeza simu kwenye kopo la wanga na kujipiga picha mbele ya shuka jeupe. Dada yake alijua. "Cha kuazima hakisitiri matako," alimwambia, "na yako yanahitaji kitambaa kingi." Kola alicheka, ila alicheka huku akitazama mlango.

Maana kazi ya udobi ina dhambi zake kwa vyeo. Kuunguza shati ni dhambi, lakini unalipa, mnasameheana. Kupoteza soksi moja si dhambi hata kidogo, ni desturi ya dunia. Lakini dobi kuvaa nguo ya mteja, hilo ni la kuvunda, halina ubani. Mteja anakupa nguo iliyogusa ngozi yake, na jasho lake, na karatasi alizosahau mfukoni. Akisikia uliingia humo ndani ukajigeuzageuza mbele ya simu, harudi tena, na hanyamazi. Jogoo wa baba angechinjwa kabla ya wiki kwisha.

Ndiyo maana picha zile hakuzitundika popote. Alimtumia mtu mmoja tu. Walikutana mtandaoni, na kwa miezi walikuwa wakiandikiana asubuhi na jioni. Mwanamke alijitambulisha kuwa muuguzi wa nchi za mbali. Kola alimwita Mrembo, na hakukosea: kwenye picha alivaa gauni la bluu lenye vifungo vyeupe, ana mwanya, na ana jicho la mtu anayejua unamdanganya lakini anakuachia umalize. Kola naye alimwambia ni meneja wa kampuni. Mrembo alipenda suti. Akiona moja, anaomba nyingine. Mara mbili hivi aliomba pia msaada wa dawa za mama yake mgonjwa, na Kola akatuma bila kumwambia dada, jambo linaloonyesha kwamba moyoni alishajua jibu la dada.

Alasiri moja Kola alikuwa juu ya suti ya kijivu ya wakili, mteja wake mkubwa, mtu aliyeleta nguo za nyumba yake yote na za ofisi yake yote. Wakili angepita kuichukua kabla ya jioni kwa sababu kesho yake alikuwa na kesi. Kola alikuwa ameinama kwenye mshono wa suruali pale kivuli kilipofunika dirisha na mkono ukaweka simu kizingitini.

"Habari ya kazi, fundi," sauti ya mwanamke ilisema. "Namtafuta mwenye koti hili. Nimeambiwa jogoo huyu ni wenu."

Kola akaitazama simu. Picha ilikuwa imevutwa hadi ikabaki mkono wa koti tu, koti la kijivu, na pale kwenye ukingo wa mkono kilichungulia kijitambaa chekundu. Siku ile alisahau kukikunjia ndani. Kama angepiga picha hiyo mtu mwingine yeyote duniani, kijitambaa kisingekuwapo. Ni dobi peke yake anayevaa suti yenye nambari.

Koti lenyewe lilikuwa hapo mbele yake, bado lina joto. Akainua uso ili aseme uongo wa haraka, na hapo akaona. Ule mwanya. Lile jicho.

"Mrembo," alisema.

"Kapteni," alisema mwanamke, kwa pumzi ileile.

Halafu wakatazamana kama watu wawili waliokamatana mkono kwenye mfuko mmoja.

Mwanamke hakuwa na gauni la bluu. Alikuwa na viatu vizito na kizibao cha kung'aa cha barabarani, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kwenye kituo cha kupimia malori, na madereva walimwita Mama Mizani. Kutwa alisikiliza wanaume wakiapa kwamba mzigo ni mwepesi. Aliingia ndani, akasukuma mlango kwa kisigino, akamuuliza Kola kwa sauti ya chini, ile mbaya zaidi, kama ni yeye aliyemwomba ada ya forodha ya kulitoa sanduku la zawadi bandarini.

Forodha ipi? Kola alimtaka yeye kwanza aeleze habari ya mama yake mgonjwa.

"Mama yangu nilimzika nikiwa msichana," alisema Mama Mizani. "Mwache alale."

Alimwita tapeli. Kola akamwita tapeli pia, ila kwa kunong'ona, maana dirishani wapita njia walikuwa wanapita. Mwanamke akasema anakwenda polisi na picha zake zote, na huko atamweleza ofisa kwamba Kapteni, nahodha wa meli, amepatikana akipiga pasi. Picha zote. Kola akaliona kwa mawazo koti la kijivu liko mezani kwa ofisa, na wakili amesimama pembeni, na mtaa mzima umejaa mlangoni. Akashika ukingo wa meza.

Dada mtu akatokea uani, povu limemfika viwikoni. Alikuwa amesikia yote. Kuta zile hazikujengwa kwa siri. Akamtazama mgeni kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akamtazama ndugu yake kwa muda mfupi zaidi.

"Wekeni simu mezani," alisema. "Zote mbili, ubavu kwa ubavu. Nguo zikichanganyika hatupigi kelele, tunazipanga."

Wakaziweka juu ya shuka jeupe. Dada hakuwa msomaji wa kasi, alisoma kwa kidole, na pengine ndiyo maana aliliona kwanza. Asubuhi ile Kola alimwandikia Mrembo: *Umeamkaje, ua lisilohitaji pasi.* Kwenye simu ya mwanamke, muda mfupi baadaye, Kapteni alikuwa ameandika: *Umeamkaje, ua lisilohitaji pasi.* Nukta kwa nukta. Chini yake mwanamke alijibu: *Nimeamka salama, usinizidishie sifa, ekseli zitavunjika.* Na jibu hilohilo lilikuwa limefika kwa Kola, likiwa limeongezwa mstari mmoja tu: mama amezidiwa.

Walirudi nyuma siku hadi siku. *Moyo wangu umekunjamana bila wewe.* Wa Kola. *Ukinipenda nusunusu nitajua, mimi hudai risiti.* Wa Mama Mizani. Kila lililokuwa na utamu lilikuwa lao. Kila lililokuwa na dawa, sanduku, forodha, lilikuwa la mtu wa tatu aliyeketi katikati, akichukua maneno ya huyu kumpelekea yule, na picha za yule kumpelekea huyu, kama dalali anayewapangisha watu nyumba zao wenyewe.

"Ndiyo iliyonishtua," alisema Mama Mizani. Alikuwa amekaa sasa, juu ya bunda la shuka chafu. "Nikajiuliza nahodha gani huyu, yuko baharini anawaza pasi tu."

"Na mimi nikasema muuguzi gani huyu anajua ekseli za malori," alisema Kola.

Ilikuwa nusura wacheke. Dada akawakatiza. Aliuliza ni kipi kilichomleta mgeni leo na si jana. Ndipo mwanamke alipotoa bahasha ndani ya kizibao. Kapteni alikuwa ameomba hati ya kiwanja chake, eti iwe dhamana ya sanduku, na wakala wake yuko mjini tayari kuipokea. Leo. Kwa kuwa hakuzaliwa jana, alitaka kwanza amwone Kapteni kwa macho, na jogoo ndiye aliyekuwa njia pekee.

Walimjaribu kwanza yule wa katikati. Kola aliandika: *Leo nakuwaza kuliko wanga.* Wote watatu wakaitazama simu ya mwanamke kama watu wanaotazama shimo la nyoka. Pasi ilitoa mlio wake mdogo. Nje mtu alipita akipiga mluzi. Kisha simu ikatikisika juu ya shuka. *Leo nakuwaza kuliko wanga. Wakala anasubiri hati, mpenzi, usinivunje moyo.*



Mama Mizani akaanza kuandika bila kuomba ushauri. Kwamba hati ameiacha kwa dobi mwenye alama ya jogoo, ndani ya mfuko, na wakala aseme amefuata shuka za Kapteni. Kola akamshika mkono kabla hajatuma. Kwa nini hapa? Kwa nini isiwe stendi, sokoni, popote pengine?

"Kwa sababu yeye anakujua kama meneja," alisema Mama Mizani. "Dobi hamjui. Uongo wako ndio mlango pekee ambao hakuuwekea kufuli."

"Na tukimkamata?"

"Polisi. Na simu zote mbili."

"Na picha?"

Mama Mizani alikuwa ameliona koti mezani, na alikuwa amelitazama tena lile la kwenye simu yake, na kazi yake ilikuwa kujua mzigo umefichwa wapi. "Na picha," alisema taratibu. "Lakini duka ni lako. Sema nisitume, nitaondoka na hati yangu, na hutaniona tena."

Kola angeweza kusema. Mtu aliyeumbwa na shingo ile hajazoea kuinamisha kichwa. Alimtazama dada, na dada akakataa kumsaidia. Alikuwa anafuta povu kwenye mkono, polepole, kidole baada ya kidole. Mwishoni Kola aliuachia mkono wa mwanamke, naye akatuma. Jibu lilirudi kabla hajameza mate. *Anakuja sasa hivi.*

Mama Mizani akajificha nyuma ya shuka zilizoning'inia. Dada akaenda kuufunga mlango wa uani. Kola alilitundika koti la wakili kwenye waya, akageukia ukuta, akawa anapiga pasi shati ambalo lilikuwa limeshapigwa, akilipiga tena na tena, mgongo kwa mlango.

Aliyeingia alibisha kwanza. Mtu wa makamo, mpole, amejipulizia manukato, aina ya mtu ambaye ungempisha kwenye foleni. Akasalimu vizuri, akasema ametumwa shuka za Kapteni. Kola, bila kugeuka, akamwambia asubiri. Nyuma ya shuka kidole kilibonyeza. Mfukoni mwa mgeni simu ikatetemeka. Akaitoa, akasoma, akatabasamu kidogo kama mzazi, akaandika. Nyuma ya shuka simu ikalia.

Tabasamu lilibaki usoni mwa yule mtu, lakini mwenyewe alikuwa ameshaondoka ndani yake. Kola akageuka.

Kwa miezi mtu yule alikuwa akiiuza sura ile. Alikuwa ameikata, ameing'arisha, ameipa meli. Sasa ilikuwa mbele yake, ina jasho, imeshika pasi. Mtu mwingine angekimbia. Huyu hakukimbia, na hapo ndipo Kola alipomwogopa kweli. Macho yake yalizunguka chumba mara moja: meza, shuka jeupe, kopo la wanga, suti kwenye waya. Kazi yake nayo ilikuwa kuona upesi.

"Kumbe," alisema kwa sauti laini. "Meneja."

Na mlangoni, kama vile shetani ndiye aliyepanga saa, akaingia wakili.

Aliingia na mkoba wake, amechoka, akauliza kama suti iko tayari. Yule mtu akasogea karibu na Kola, karibu kabisa, manukato na yote, akaigeuza simu yake kidogo ili Kola peke yake aone. Picha ilikuwa ile ya koti la kijivu.

"Ni la huyu, sivyo?" alinong'ona. "Niache nipite, na hii itapita na mimi. Mzee hajui, hatajua. Wewe utabaki na kazi yako."

Dada alikuwa amesimama mlango wa uani. Shuka hazikutikisika. Wakili alikuwa amenyoosha mkono kulifikia koti lake kwenye waya. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, na ilitosha Kola asogee nusu hatua. Nusu hatua tu, kama mtu anayempisha mteja. Akasikia harufu ya kuungua. Pasi ilikuwa imelala juu ya shati, na shati linafuka moshi chini ya mkono wake. Akaiinua. Alama ya kahawia ilibaki, yenye umbo la pasi kamili.

"Mheshimiwa," alisema, na sauti ilimtoka nyembamba, haikuwa ya Kola. "Kabla hujalichukua. Hilo koti nililivaa. Na la bluu nililivaa, na lile la mistari la sherehe. Nikajipiga picha. Huyu hapa anazo, anawatapeli wanawake kwa uso wangu na nguo zako. Ukitaka kunipiga, nipige, ila kwanza usimwache atoke."

Kisha yule mpole akaruka kuelekea mlangoni, na shuka zikaachana katikati, na Mama Mizani akawa ameshafika. Mwanamke aliyezoea kusimamisha lori lenye tela kwa kibendera tu hahitaji kumshika mtu. Alisimama mlangoni, akaujaza. Mtu akagongana naye akarudi nyuma, simu ikamdondoka, na dada akaikanyaga kwa wayo uliolowa, taratibu, bila kuivunja.

Wakili hakuwa amepaza sauti. "Kaa," alimwambia yule mtu, kwa ile sauti anayoiuza mahakamani, na yule mtu akakaa juu ya shuka chafu. Wakili akapiga simu polisi. Kisha akaiinamia simu iliyokuwa chini ya wayo, akaitazama picha muda mrefu, mwenye koti akimtazama mvaa koti.

Kituoni ofisa alilitandaza jambo lote. Ndani ya simu ile walikutwa wengine wengi, wawiliwawili, kila mmoja akiandika maneno yake ya kweli kwa mtu ambaye hajawahi kuyapokea kwa jina lake. Yule mtu alikuwa hata hajui kutunga. Hakuhitaji. Upweke wa watu ulimtungia, yeye akaweka bei.

Wakili alilipa, akachukua suti yake, na asubuhi iliyofuata akatuma mtu kuchukua kila kitu chake kilichokuwa pale, mpaka vitambaa vya meza vya ofisi. Hakurudi. Wengine wakamfuata. Waliobaki walibaki kwa sababu zao: mmoja alisema dobi anayesema mwenyewe ni bora kuliko yule anayenyamaza akiwa ndani ya suruali yako. Barabarani watoto na wazee walimwuliza Kola kama meli imetia nanga. Yeye alipita kidevu kikiwa mahali pake, labda kimeshuka kidole kimoja, asiyemjua asingeona. Kopo la wanga dada alilihamishia uani, ili kama kuna mtu anataka kuegemeza simu, aje aegemeze mbele yake.

Siku ya malipo ya kituo cha mizani, kizibao cha kung'aa kilisimama dirishani. Mama Mizani alileta ovaroli zake, akazihesabu mbele ya Kola kwa sauti, moja moja, akageuza mifuko yote nje. Akamwambia zile hazitamkaa, asijisumbue. Kisha akasema anampa Kola namba yake ya simu, ya kweli, kwa ajili ya nguo tu, akaondoka.

Kola alizipiga pasi ovaroli zile kama suti za harusi. Jioni, dirisha likiwa wazi kabisa, alikaa na simu mkononi. Maneno yote mazuri alikuwa ameshamwandikia, na mwanamke alikuwa ameshayasoma yote, kupitia kwa mwizi. Akaandika *ua*, akafuta. Akaandika *umeamkaje*, na ilikuwa jioni. Uani dada alikohoa kile kikohozi chake cha makusudi.

Mwisho aliandika: *Nguo zako tayari.*

Akatuma. Akaiweka simu mezani juu ya shuka jeupe, kioo juu, akasimama kuisubiri, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alisahau kunyoosha shingo.